Dakika 180 za Lawama

Karatasi niliyobandika kwenye mlango wa chumba cha seva inasema: "Mabadiliko ya akaunti huchukua hadi dakika 180 kufika matawini. Tafadhali vuteni subira." Chini yake mtu wa ofisi hii hii, mwenye mwandiko wa kihasibu, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Uvivu."

Nilitaka kumjibu pale pale mlangoni, ila dukuduku langu halienei kwenye karatasi ya A4. Nimjibu hapa.

Ndugu mhasibu, hizo dakika 180 sikuzitunga mimi. Ndivyo Active Directory, yaani saraka ya ofisi yetu, inavyokuja kutoka kwa wenyewe Microsoft. Ukiwa na seva moja makao makuu na nyingine tawini, na ukazieleza kwamba ziko saiti mbili tofauti, ya tawi inauliza "kuna jipya?" kila baada ya saa tatu. Mtu anaruhusiwa kupunguza ratiba hiyo mpaka dakika 15, basi. Seva zinazokaa saiti moja, rafu moja, zinaanza kupashana habari ndani ya sekunde 15. Ndiyo maana mkurugenzi, ambaye ofisi yake iko juu kidogo tu ya chumba cha seva, haelewi hizi hadithi za kuchelewa zinatoka wapi. Kwake kila kitu kinafika. Anayepiga simu ni wa Kigoma.

Najua utakachosema: si uweke hizo 15? Nimeweka, kwa tawi lenye faiba. Laini ya Kigoma inabeba mfumo wa wahasibu wenzako, kamera za ulinzi na, siku za mechi, Simba na Yanga. Humo ndimo na mimi nipenyeze habari kwamba dada wa mapokezi kahamishiwa masoko.

Tena watu hawajui kwamba seva ya saraka hailali. Saraka ndimo ilimoandikwa nani ni nani ofisini: jina lake, neno lake la siri, printa anayoruhusiwa, mafaili asiyotakiwa kuyagusa. Kila tawi lina nakala yake na kila nakala inaandikika, kwa hiyo muda wote seva ziko kwenye kazi za chinichini za kuhakikisha zinasema neno moja. Kila dakika 15 zinakagua upya nani azungumze na nani. Kila dakika 60 zinapitia akaunti za wakubwa kuona kama kuna aliyechezea ruhusa zao. Kila saa 12 zinazoa taka. Hakuna kengele inayolia, hakuna picha inayotoka, wala hayo hayajawahi kuingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Kazi yangu ni kuzipangia ratiba na kupokea lawama.

Simu mbaya kuliko zote hutoka utumishi.

"Kaka, kuna mtu kasimamishwa kazi Mtwara. Mfungie sasa hivi."

"Nimeshamfungia, dada."

"Mbona meneja wake anasema kaingia, na anachapisha?"

Hapo ndipo ninapotakiwa kumweleza dada wa utumishi, ambaye yuko kwenye kikao na simu kaiweka spika, kwamba saraka ina vipaumbele vyake. Ukibadilisha neno la siri, habari hupelekwa palepale kwa seva moja iliyopewa ukubwa juu ya wenzake. Ukikosea neno la siri mpaka akaunti ikajifunga, habari hiyo nayo inakwenda kwa haraka. Lakini ukifungiwa akaunti kwa sababu umefukuzwa kazi, habari yako inasubiri zamu, sambamba na habari ya aliyebadilisha namba ya simu ya mezani. Aliyesahau neno la siri ni dharura. Aliyefukuzwa kwa wizi wa mafuta ya jenereta ana saa tatu za kuchapisha nyaraka.

Siku hizi nikisikia "Mtwara" naingia moja kwa moja kwenye seva ya Mtwara na kumfungia huko huko. Makao makuu watapata habari baadaye. Utumishi wanasema nimebadilika, siku hizi nafanya kazi.

Kumfungia mtu ni jambo dogo ukilinganisha na kumfuta. Ukifuta akaunti, haifutiki. Inavuliwa karibu kila ilichokuwa nacho, inafichwa, inawekewa alama kwamba huyu ndiye marehemu. Wale wa Novell, waliotoa saraka yao mwaka 1993 pamoja na NetWare 4, alama hizo waliziita tanzia. Microsoft wakaiita yao jiwe la kaburi. Sababu ni ile ile ya msiba wowote: habari lazima ifike kwa ndugu wote kabla watu hawajatawanyika. Kama Mbeya hawajaambiwa, Mbeya watamtaja aliyekufa kama aliye hai, tena watawatambulisha wengine kwake. Sisi tunamaliza na arobaini. Saraka zilizoanzishwa enzi za Windows 2000 zilikaa msibani siku 60. Baadaye, tangu Windows Server 2003 ilipopata kiraka chake cha kwanza kikubwa, siku zikawa 180. Zikiisha ndipo wale wazoa taka wa kila saa 12 wanafika na kuondoa kaburi lenyewe.

Sasa sikia kilichotokea kwenye tawi moja la nyanda za juu. Walipaka rangi jengo. Seva, wakaona itachafuka, wakaiondoa wakaiweka stoo, juu yake wakalaza madumu ya rangi. Rangi ikaisha, bajeti ya kumalizia dari nayo ikaisha, miezi ikapita. Siku dari lilipokamilika, mzee wa stoo akaichukua seva, akaifuta vumbi vizuri, akaichomeka. Kisha akanipigia kwa furaha:

"Kijana, nimekuwashia mtambo wako. Taa ya kijani imewaka!"

"Shikamoo mzee. Ilikuwa imezimwa tangu lini?"

"Marahaba. Tangu kabla ya Sabasaba."

Tulikuwa Machi.

Upande wa makao makuu, seva zangu ziliandika tukio namba 2042, ambalo kwa lugha ya kawaida linasema: huyu ndugu alikuwa wapi muda wote huu, sisi hatumpokei. Na zilikuwa sahihi. Humo ndani ya mtambo wa mzee wa stoo walikuwa wamejaa watu tuliokwisha kuwazika zamani: jamaa wa mkataba uliokwisha, binti wa mafunzo ya vitendo, na afisa ugavi mstaafu tuliyemwaga kwa pilau na kumkabidhi mabati yake. Hapa kwetu hata kaburi lake lilikuwa limeshazolewa. Kule tawini alikuwa hai, neno lake la siri zima, anaruhusiwa printa ya rangi.

Dawa ni kuivua seva hiyo wadhifa, kuifuta na kuianza upya. Nilipomwambia mzee wa stoo, alisikitika kweli kweli. "Lakini taa si imewaka?" Taa imewaka, mzee wangu. Kwenye kazi hii kuwaka kwa taa hakumaanishi chochote.

Turudi kwa wale wakubwa wa kila dakika 60, maana nao wana mambo. Mkurugenzi alisikia kwenye semina kwamba kuna kundi liitwalo Domain Admins, akauliza kama yumo. Hayumo. Akaniita.

"Hivi mkubwa wa ofisi hii ni nani?"

Nikamwingiza. Tangu hapo kijana wa dawati la msaada, niliyempa ruhusa ya kuweka upya maneno ya siri ya wafanyakazi wote, hawezi kumsaidia mkurugenzi. Nikampa ruhusa ya akaunti ile peke yake, kwa mkono wangu. Ikafanya kazi. Baada ya muda mfupi haipo. Nikampa tena. Ikatoweka. Kijana akanifuata pembeni, sauti chini: "Bro, hii ofisi ina mkono wa mtu."

Mkono wa mtu hakuna. Akaunti za makundi makubwa zina kiolezo chao cha ruhusa, na kila saa kuna kazi ya chinichini inayozilinganisha nacho. Chochote kisichokuwemo kinafutwa. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mjanja asijipenyeze kwa kumtumia mkubwa. Tatizo ni kwamba mkurugenzi husahau neno lake la siri kila baada ya sikukuu, na sasa wa kumfungulia ni mimi tu, hata nikiwa ukumbini na sahani ya ubwabwa mkononi, MC anaita upande wa bwana harusi. Nimemweleza kwamba akitoka kwenye kundi lile atahudumiwa haraka zaidi. Anasema analifikiria. Na hata akitoka, alama ya ukubwa inabaki kwenye akaunti yake mpaka mtu aiondoe kwa mkono. Haijiondoi.

Halafu kuna saa.

Seva hizi zinaaminiana kwa tiketi zenye muda, na tofauti ya saa inayovumiliwa kati ya mashine na mashine ni dakika tano. Ikizidi hapo hazipokeani. Kwenye nchi ambayo kikao cha saa tatu kinaanza saa nne na nusu, dakika tano ni masharti ya mganga, lakini ndivyo ilivyo.

Tawi moja la kanda ya magharibi umeme ulikatika usiku. Betri za UPS zilishakufa na barua ya kuomba nyingine iko mezani kwa mtu. Ile betri ndogo ya mviringo ya kwenye ubao wa seva nayo ilikuwa imekufa, na laini ya intaneti ilikuwa chini. Umeme uliporudi, seva iliamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Nikamwomba karani wa pale, binti mwenye adabu sana, aweke tarehe ya leo na saa sahihi mpaka laini itakaporudi. Binti hakuwa na saa mkononi na simu ilikuwa sikioni anaongea na mimi. Akamuuliza mlinzi. Mlinzi akasema saa nne na dakika kumi. Binti akaandika 4:10, akanisomea tarehe, nikasema sawa, akashukuru.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Mlinzi alisema saa kama babu yake alivyoisema, binti aliandika alichosikia, na mashine iliamini ilichoandikiwa: saa kumi alfajiri na dakika kumi. Laini iliporudi, makao makuu na tawi walikuwa wamepishana saa sita kamili. Kila nilichotuma kikakataliwa. Nilianza kukagua nyaya, nikakagua ruta, nikampigia jamaa wa mtandao tukagombana bure, mpaka nilipomwomba binti anipigie picha ya skrini. Pembeni mwa skrini, chini kulia, alfajiri. Kwenye dirisha nyuma yake, jua la kuanika mpunga.

Na hao ndio waliokubali kuweka saa. Kuna suala la majira. Kwenye Windows, anayetaka saa tatu mbele ya ile ya Greenwich kwa Afrika Mashariki anakuta limeandikwa Nairobi. Dar es Salaam haimo. Dodoma haimo. Mzee mmoja wa tawi la kaskazini alikataa katakata kuchagua: "Mimi nichague Nairobi kwa lipi?" Mwenzake wa Unguja alitafuta kwenye orodha, akaipita Nairobi, akaikuta Muscat, akaichagua, akisema huko angalau kuna shangazi. Muscat iko saa moja mbele yetu. Seva hazikulalamika, kwa sababu zenyewe zinahesabu kwa saa ya dunia, maonyesho ya ukutani haziyajali. Kompyuta za tawi lile zikawa zinaonyesha saa kumi na moja jioni wakati ni saa kumi, na ofisi nzima ikawa inafunga na kwenda zake. Katika malalamiko yote ninayoletewa, hilo halijawahi kuripotiwa na mtu yeyote.

Jamaa wa mtandao niliyemtaja naye anastahili aya yake. Seva za saraka zinapozungumza zinahitaji milango kadhaa ifunguliwe kwenye ukuta wa ulinzi: 389, 88, 135, 445, na mingineyo, kisha kundi zima kuanzia 49152 hadi 65535, kwa sababu mazungumzo mengine huchagua mlango popote humo. Nilimwandikia hivyo. Akajibu kwamba hiyo ni milango 16,384 na mimi nina wazimu. Tukavutana. Mwishowe akaniandikia "tayari". Kosa namba 1722 likaendelea, lile linalosema seva ya upande wa pili haipatikani. Nikaenda mezani kwake kuangalia. Alikuwa amefungua mlango wa 49152 na mlango wa 65535.

Na kabla sijasahau, Pemba. Kila saiti inatakiwa ielezwe anwani za mtandao wake, ili kompyuta ijue seva ipi iko karibu. Aliyekuwepo kabla yangu hakuziingiza za Pemba. Kompyuta isiyojijua iko saiti gani inapewa seva yoyote, kwa hiyo mtu wa Chake Chake alikuwa kila asubuhi anathibitishwa Kigoma, anavuka bahari na nchi nzima mpaka ziwani ili afungue barua pepe ya mwenzake wa meza ya pili. Walikuwa wameshazoea. Walikuwa wanawasha kompyuta, wanakwenda kunywa urojo, wanarudi.

La majina nalipita haraka kwa kuwa lina machozi. Tuliajiri watu wawili wenye jina moja, lile ambalo ukiliita Kariakoo wanageuka kumi. Mmoja akasajiliwa Dar, mwingine akasajiliwa Tanga, siku moja, kabla seva hazijaulizana. Zilipokutana, kila moja ikaja na wake. Saraka haikubali majina mawili yaliyofanana mahali pamoja, ikaamua: aliyesajiliwa baadaye akabaki na jina, wa mwanzo akaongezewa herufi CNF na msururu wa tarakimu na herufi 32. Ndiyo, wa mwanzo. Nimejaribu kumweleza kwamba hizo ndizo kanuni, mwenye muhuri wa karibuni ndiye anayeshinda. Akaniuliza kama na kwenye mirathi tutafanya hivyo.

Mhasibu wa kalamu nyekundu, nadhani sasa unaona kwa nini kwenye karatasi nilifupisha.

Limebaki moja, na hili ni ombi kwa mameneja wa matawi. Ijumaa jioni mnazima seva. Mnasema ni kuokoa uniti za LUKU, na mmojawenu alipongezwa kwenye kikao kwa kubana matumizi. Wazoa taka wanafanya kazi zao seva ikiwa macho, nakala rudufu inachukuliwa usiku, na habari kutoka makao makuu zinafika kwa ratiba ambayo nyinyi mmekwisha kuichomoa ukutani. Jumatatu mnaiwasha saa mbili asubuhi, dakika 15 baadaye inaanza kuzoa taka za wikendi nzima huku ofisi yote imejipanga kuingia kwa mpigo, kisha mnanipigia kwamba mfumo ni mzito. Si mzito. Umeamshwa sasa hivi. Kama uniti zinawaumiza, zimeni birika la umeme. Tangu niwajue, chai mnaagiza kwa mama ntilie. Seva iacheni iwake.